Edward Steere: Mtu Aliyeziweka Lugha Mbili Uso kwa Uso

Nyuma ya altare ya Kanisa la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, amezikwa Mwingereza mmoja ambaye waongoza watalii humtaja haraka haraka kabla ya kuwapeleka wageni kwenye yale mahandaki ya watumwa. Jina lake Edward Steere, askofu, aliyefariki mwaka 1882. Wengi wetu, kama tunamjua, tunamjua kwa kanisa hilo. Mimi nataka kumwandika kwa sababu nyengine. Kila unapofungua simu, ukabandika aya ya Kiingereza ya mhadhiri ili ikugeuzie Kiswahili, unatumia kitu ambacho yeye ni mmoja wa watu wa kwanza kukianzisha hapa Unguja, na aliondoka duniani bila ya kujua kama kingekuja kuwa na kazi hiyo.

Nasema mapema ili tusije tukagombana: mimi ni Muislamu, na makala hii si ya dini. Ni ya lugha. Nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Kiingereza, na nikimaliza nitasimama mbele ya watoto ambao wengi wao wataiamini simu kuliko wataivyoniamini mimi. Kwa hiyo nilitaka kujua hicho Kiswahili cha simu kimetoka wapi. Nikafuata njia kinyumenyume, na njia ikanileta Mkunazini.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria pale University College, na mwaka 1850, akiwa hajafika hata miaka 23, alikuwa ameshapata shahada ya udaktari wa sheria na ruhusa ya kuwa wakili. Yaani umri huu nilionao mimi, ambao bado nahesabu siku za bumu kuingia, mwenzetu alikuwa daktari. Lakini uwakili haukumshika. Akaingia kanisani, akapewa daraja mwaka 1856, na baadaye akawa kasisi wa vijiji vya Lincolnshire, mashariki ya Uingereza. Alikuwa na kipaji kimoja ambacho kasisi wa kijiji hakihitaji sana: aliijua kazi ya uchapaji. Kupanga herufi za risasi mojamoja, kupaka wino, kubana karatasi, yote aliweza kwa mikono yake. Likumbuke hilo, maana litarudi.

Huku kwetu, wakati huo huo, mambo yalikuwa yanakwenda vibaya kwa wamisionari wa Vyuo Vikuu, wale waliokuja baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862 katika nchi ambayo leo ni Malawi. Aliyechaguliwa kushika nafasi yake, William Tozer, alikuwa rafiki wa Steere na jirani yake huko Lincolnshire. Steere akakubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, kisha arudi kwenye kijiji chake. Muda mfupi wenyewe ukawa maisha yake yote yaliyobaki.

Walijaribu kwanza kukaa karibu na mto Shire. Walishindwa: maradhi, njaa, vita vya biashara ya watumwa. Tozer akaamua wahame, na mwaka 1864 wakafika Unguja. Livingstone alikasirika sana, akaona wamekimbia. Lakini uamuzi ule ndio uliobadilisha historia ya lugha yetu, kwa sababu Unguja ya Sultani Majid haikuwa kisiwa cha pembeni. Ilikuwa njia panda. Waliletwa hapa kwa nguvu Wayao, Wanyasa, Wamakonde, Wanyamwezi, Wazaramo; walikuwapo Waarabu, Wahindi, Wangazija, Wabaluchi. Wote hao, wakitaka kununuliana samaki au kutukanana, walitumia Kiswahili.

Mara baada ya kufika, Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa. Watoto hawa ndio waliokuwa mwanzo wa skuli ya misheni, ambayo baadaye ilihamia Kiungani, nje kidogo ya mji wa wakati ule, ikawa mahali pa kufundishia walimu. Sisi wa ualimu tuna babu zetu pale, tupende tusipende. Mmoja wa watoto wale, John Swedi, alikuja kupewa na Steere daraja la ushemasi mwaka 1879. Fikiria: mtu aliyeanza maisha yake mjini akiwa mzigo wa jahazi.

Sasa Steere alikuwa na tatizo ambalo kila mwalimu mgeni huwa nalo. Atafundisha kwa lugha gani? Kulikuwa na kazi za Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekaa Mombasa na Rabai, aliyekuwa ameshachapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Lakini Krapf alisikia Kimvita, na Steere alikuwa anasikia Kiunguja. Badala ya kulazimisha kitabu, akaamua kusikiliza masikio. Alikaa na watu wa mjini, wasomi na wasimulizi wa ngano, na watoto wake wa skuli pia. Akiuliza, akiandika, akisoma tena mbele yao, wakimsahihisha. Halafu ule ufundi wake wa uchapaji ukaingia kazini. Alikuwa na mashine ya kuchapia, akawafundisha vijana kuitumia, wakawa wanatoa vijitabu vidogo vya maneno na vya kusomea. Kijitabu kikitoka, watu wanakisoma, makosa yanaonekana, kinachapwa chengine. Nani kati yetu hajawahi kupeleka rasimu kwa msimamizi ikarudi imejaa wino mwekundu? Yeye alijipelekea mwenyewe kwa wenye lugha, tena na tena.

Alirudi Uingereza mwaka 1868, na mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili. Kimoja kilikuwa mwongozo wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, na ndani yake ngeli zetu zimepangwa kwa utaratibu kwa ajili ya mgeni. Cha pili ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Ni mkusanyiko wa ngano za Unguja, na umepangwa hivi: ukurasa mmoja Kiswahili, ukurasa unaotazamana nao Kiingereza. Ngano ileile, lugha mbili, uso kwa uso.

Hapa naomba tuiache kidogo karne ya 19, nieleze jinsi mashine ya kutafsiri ilivyojifunza kazi, kwa sababu bila ya hilo hutaona kwa nini kurasa mbili zinazotazamana ni jambo kubwa.

Wazo la kuipa kompyuta kazi ya kutafsiri lilipata nguvu mwaka 1949, kwa waraka wa Mmarekani Warren Weaver. Kwa miaka mingi watu walijaribu kuiandikia kompyuta kanuni: nomino hii, kitenzi hiki, kiambishi kinakaa hapa. Kanuni haziishi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa IBM wakaja na njia nyengine, ya takwimu. Hawakuifundisha kompyuta sarufi hata kidogo. Waliipa kumbukumbu za Bunge la Kanada, ambazo huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, sentensi kwa sentensi, kwa wingi wa kutisha. Kazi ya kompyuta ikawa kuhesabu tu. Neno hili la Kiingereza likitokea upande huu, ni neno gani la Kifaransa hutokea mara nyingi upande wa pili? Hiyo ni hesabu ya kwanza. Hesabu ya pili ni ya lugha moja peke yake: katika Kifaransa, maneno gani huwa yanafuatana, ili sentensi itoke kama mtu anavyosema? Unganisha hesabu mbili hizo, chagua jibu lenye uwezekano mkubwa zaidi, basi umetafsiri. Mashine haielewi kitu. Inapima tu.

Turudi kwenye kitabu cha Steere. Mnakumbuka ngano ya Mwalimu Goso? Ipo mle. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda kuiba mabuyu, buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani akafa. Wanafunzi wakaenda kumtafuta muuaji. Wakaanza na kusi, upepo uliouvuma mti. Kusi akajitetea: kama yeye ndiye mkubwa, mbona anazuiwa na kiambaza? Wakaenda kwa kiambaza, naye akasema anatobolewa na panya. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe inzi, inzi akamtaja paa. Paa akakosa la kujibu, wakamuua.

Itazame ngano hiyo kwa jicho la mashine. Sentensi ni ileile, inarudi na kurudi, na kila mara linabadilika neno moja tu. Upande wa Kiswahili ametoka panya akaingia paka. Upande wa Kiingereza nako kimebadilika kitu kimoja. Hata mtu asiyejua lugha yoyote kati ya hizo mbili, akiwa na subira na kalamu, ataweza kugundua paka ni yupi kule ng'ambo. Ndiyo mbinu yenyewe, hamna uchawi. Bibi aliyesimulia Goso kwa wajukuu alirudia sentensi ili mtoto ashike. Mashine nayo inashika kwa kurudiwa. Steere, bila ya kujua lolote kuhusu kompyuta, alikuwa ameshaiwekea chakula mezani.

Tena chakula chenyewe ni adimu, na hapo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba lugha ikiwa kubwa na yenye fasihi, basi mashine itaijua. Chukua Kiajemi, lugha ambayo sisi wa visiwani tumeazimana nayo kwa karne nyingi. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yanataja tarehe inayolingana na mwaka 1107, na wenyeji wengi wa huku hujiita Washirazi. Makunduchi kila mwaka wanaadhimisha Mwaka Kogwa, ambao asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Tunaposema bandari, dirisha, bustani au serikali, tunasema maneno yaliyotoka kwao. Lugha ile ina ushairi wa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini wataalamu walipotaka kutengeneza mashine ya takwimu ya kutafsiri baina ya Kiingereza na Kiajemi, walijikuta mikono mitupu. Iran haina bunge linaloandika kila kitu kwa lugha mbili kama Kanada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tehran ilibidi wakusanye manukuu ya filamu, yale maandishi yanayopita chini ya picha, wayapange Kiingereza kwa Kiajemi. Kwa hiyo mashine iliyofundishwa kwa mkusanyiko ule ilijifunza Kiajemi cha waigizaji wanaofukuzana na magari.

Kiswahili nacho kilipita njia ya namna hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Kenya na Ubelgiji waliutangaza mkusanyiko wa Kiingereza na Kiswahili walioupa jina la SAWA. Walikusanya walichokipata, na miongoni mwa walivyovipata mlikuwa na Biblia na Qur'ani. Sababu ni nyepesi. Vitabu vya dini vimetafsiriwa kwa uangalifu, vimegawika aya kwa aya zenye namba, na aya ya lugha moja unaweza kuipachika na mwenzake bila ya kuumiza kichwa. Kumbe imani zinazogombania roho za watu huketi pamoja kwa amani ndani ya kompyuta, zikifundisha viambishi.

Na Biblia ya Kiswahili inatupeleka tena kwa Steere, maana hiyo ndiyo kazi iliyommaliza. Alirudi Unguja mwaka 1872, mwaka uleule kimbunga kilipoangusha mikarafuu ya kisiwa hiki. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini. Misheni ikapata ardhi ile, sehemu yake ikiwa zawadi ya mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mwaka 1874 Steere akafanywa askofu. Alisimamia ujenzi mwenyewe, akaezeka paa la kuba kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, watu wakabashiri litaanguka, na mpaka leo liko. Waongoza watalii hupenda kusimulia habari ya nguzo zilizowekwa juu chini wakati yeye hayupo. Mwaka 1876 akawapeleka watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi, wakaanzisha makazi kule. Katikati ya yote hayo alikuwa anatafsiri. Agano Jipya zima lilikuwa tayari kufikia mwaka 1879.

Sasa nieleze linalonikera katika maisha ya mtu huyu, kwa sababu si haki kumsifu tu. Vitabu vile vina jina moja kwenye jalada. Cha ngano kinasema, katika anwani yake, kwamba zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Wenyeji gani? Ndani ya kitabu utakuta baadhi yao wametajwa, lakini historia imebeba jina la aliyeandika ikawaacha waliosema. Linganisha na Uajemi. Mwaka 1811 Mwingereza mwengine, Henry Martyn, alifika Shiraz, mji uleule ambao Washirazi wetu hunasibishwa nao, akatafsiri Agano Jipya kwa Kiajemi kabla ya kufariki mwaka 1812. Alikaa na msomi wa pale, Mirza Sayyid Ali, na ukisoma habari za tafsiri ile majina mawili hutajwa pamoja. Ya kwetu hutajwa kama kazi ya Steere. Mzee wa Kiunguja aliyemwambia kwamba hivi hatusemi, tunasema vile, hana mtaa wala kibao.

Mashine imelichukua kosa hilo ikalizidisha. Steere angalau alimjua kwa sura kila aliyempa neno. Mashine inakula mamilioni ya sentensi na haimjui hata mtu mmoja. Na mwenye lugha asipojulikana, hakuna wa kumuuliza inapokosea. Steere akikosea, kijana wa Kiungani anacheka, yeye anafuta, anachapa upya. Mashine ikikosea, nani anacheka mbele yake?

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha, katika skuli moja ya shamba, mwanafunzi wa kike aliniletea zoezi alilolitafsiri kwa simu ya kaka yake. Sentensi ya Kiswahili ilisema daktari amefika na muuguzi anamsubiri. Kiswahili hakisemi daktari ni mwanamume au mwanamke. A- yetu inawabeba wote. Kiajemi vilevile, kiwakilishi chao cha nafsi ya tatu hakina jinsia. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Katika sentensi zilizofuata daktari akawa mwanamume, muuguzi akawa mwanamke. Binti akaniuliza simu imejuaje. Swali zuri kuliko maswali yote ya muhula ule. Nikamwambia haikujua, imehesabu. Katika maandishi iliyosoma, madaktari wengi walikuwa wanaume, basi ikamchagulia na daktari wake. Alitaka kuwa daktari, ndiyo maana aliliona.

Mfano mwengine mwepesi. Andika amekupikia. Kwetu neno moja, lakini ndani yake mmekaa mtu aliyepika, wakati, mtu aliyepikiwa, kitenzi chenyewe, na ile -i- ya kutendea. Kiingereza kinahitaji maneno manne au matano kusema hayo. Mashine ya zamani ya takwimu iliyokuwa inahesabu neno kwa neno ilipata tabu kubwa na lugha ya namna hii, kwa sababu kila kitenzi chetu kinaweza kuvaa nguo mamia, na kila nguo ikaonekana neno jipya ambalo halijawahi kuhesabiwa. Steere aliyapasua maneno kama haya kwa mkono, kiambishi kwa kiambishi, kwa faida ya mgeni asiyejua kitu. Watengenezaji wa mashine, zaidi ya miaka 130 baadaye, walirudi kufanya kazi ileile ya kupasua, kwa faida ya mgeni asiyejua kitu ambaye ni kompyuta.

Mtu ataniambia hayo yamepitwa na wakati. Kweli, tangu mwaka 2016 Google walianza kuhama kutoka njia ile ya takwimu kwenda kwenye mitandao ya neva, na tafsiri zimekuwa laini zaidi. Lakini chakula ni kilekile: sentensi za lugha moja zilizopangwa na wenzake wa lugha ya pili, na mtu fulani aliyeketi akazipanga. Ambacho hakijaandikwa hakiliwi. Mashine iliyolelewa kwa vitabu vya dini itamjua kondoo, mavuno na nabii. Je, itajua bumu halijaingia? Itajua mtu aliyedisko, au mwenye sapu mbili? Itajua muuza urojo wa Forodhani anavyozungumza na mteja wake wa kila siku? Na Kimakunduchi je, Kihadimu cha kusini, ambacho Steere mwenyewe alikipita, akachukua cha mjini?

Na chaguo lake la mjini lilikuwa zito. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipochagua lahaja ya kusanifishwa, ilichaguliwa Kiunguja, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Zilikuwapo sababu nyingi, za kiutawala na za kibiashara, lakini mojawapo ni kwamba Kiunguja kilikuwa tayari na sarufi, vitabu vya kusomea na tafsiri, na nyingi katika hizo zilianzia kwake na kwa waliomfuata. Watu wa Mombasa, wenye ushairi mkongwe, hawakufurahi, na wana haki yao. Hapo ndipo ninapoogopa. Aliyewahi kuandika ndiye aliyeshinda, si aliyesema vizuri zaidi. Leo mashindano hayohayo yanachezwa tena, na wanaoandika kwa wingi hawako Unguja.

Kwa hiyo ninayo hoja moja kwa wanachuo wenzangu, hasa wa Kiswahili na wa ualimu. Tunaandika kazi za muhula, zinasahihishwa, zinaishia kwenye makabati. Kwa nini zoezi la tafsiri lisiwe jambo la kubaki? Tuchukue hadithi ya bibi wa Jambiani, maelekezo ya dawa, maneno ya wavuvi wa Nungwi, tuyaweke uso kwa uso, Kiswahili huku, Kiingereza huku. Na chini ya kila ukurasa tuandike jina la aliyesema, kama amekubali. Steere alikuwa na mashine moja ya mkono na vijana wachache wa Kiungani. Sisi tuna maabara nzima ya kompyuta, ikiwa umeme wa Tukuza haujakatika.

Alifariki hapa mjini mwezi wa Agosti 1882, akiwa na miaka 54. Agano la Kale alikuwa hajalimaliza. Wengine waliketi wakaendelea, na Biblia kamili ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya yeye kuzikwa. Baadaye hiyo na ya Kimvita zikaunganishwa ikapatikana tafsiri ya pamoja ya mwaka 1952, ambayo wenzetu Wakristo wengi bado wanaisoma. Kazi ya kupanga lugha mbili haikumalizwa na mtu mmoja wakati ule, wala haitamalizwa na mashine sasa. Mwalimu Goso alikufa kwa buyu, lakini tazama nani waliosimama kumtafutia haki: wanafunzi wake, mlango kwa mlango, wakiuliza.